Beleshi

Jumapili ya kwanza nilimpokea kwa mikono miwili.
Nikampa kitabu cha nyimbo, nikamfungulia ukurasa,
nikamwonyesha pa kutundika koti.
Karibu, nikasema, karibu sana,
kwa ile sauti tunayowatunzia wageni
kama vikombe vya ukingo wa dhahabu
ambavyo wenyewe hatunywei.

Jina lake Shamiran. Mwanawe Ninos,
mikono mirefu kuliko mikono ya koti lake.
Niliyaandika majina kiganjani yasinitoke;
theluji ikayafuta kabla sijafika nyumbani.

Waliketi benchi la tatu, kushoto.
Hakuna kibao pale, hakuna jina lililochongwa,
lakini kanisa zima lilivuta pumzi:
hapo ni pa Taimi, tuliyemzika Novemba,
na mto wake wa sufu bado ulikuwa unamngoja.
Shamiran akauinua, akaukung'uta,
akaupakata kama mtoto wa mtu.
Tukaimba beti sita. Hakuna aliyesema neno.
Huku kaskazini ya Ufini
sisi ni watu wa kutosema neno.

Majira yote ya baridi tulimkaribisha.
Pasaka tukamkaribisha tena.
Kila alipoinuka kuosha kikombe
tulimwambia keti, wewe mgeni.
Alipoleta sinia la maandazi ya tende
tulishukuru mara nyingi kuliko tulivyokula.
Mchungaji Okko alimwombea kwa jina,
akilikosea kila wiki kwa namna mpya.
Mgeni siku mbili, sisi tukamfanya mia tatu,
naye akaketi, mikono imelala mapajani
kama vyombo vya dukani
ambavyo hakuna anayethubutu kuuliza bei.

Nami, mtunza kanisa, mwenye funguo,
nilidhani huo ndio upendo.

Kisha Januari. Usiku mmoja mbingu ilijimwaga yote.
Asubuhi mlango ulikuwa umezikwa hadi kitasani,
na mgongo wangu wa miaka sabini na mmoja
ukakataa katakata.
Nilisimama na beleshi nikihema,
nikimwambia Mungu maneno yasiyo ya kanisani.
Wakatokea wawili hao, mapema kama kawaida yao.
Sikusema karibu.
Sikuwa na pumzi ya kusema karibu.
Nilimsukumia beleshi.
"Shika. Anzia pale ngazini.
Angalia mwaridi, umelala chini yake."

Akashika.
Niliuona uso wa mtu
aliyetuliwa mzigo kwa kutwishwa mwingine.

Hakuchimba kama mimi, kwa hasira.
Alikata theluji matofali, akayapanga ukuta,
na Ninos nyuma yake na ufagio.
Akanicheka ninavyoushika mpini.
Kwao milimani, akasema, theluji hufunga njia miezi mitatu;
yeye ndiye aliyekuwa binti wa kufungua
njia ya kisimani, na njia ya kanisani.
Kanisa? nikauliza.
La mawe, akasema. Kongwe kuliko hili mara tano.

Mwaka mzima hatukuwa tumemuuliza.
Tulidhani ametoka jangwani.
Tulikuwa tumemnunulia kofia tatu.

Wengine walipofika njia ilikuwa nyoofu,
pana ya kupita watu wawili wakizungumza.
Eljas akasimama, akatazama zile kuta nyeupe,
akauliza ni nani aliyechimba.
"Sisi," akajibu Shamiran kabla yangu.
Katika lugha yetu yenye miiba kama samaki mdogo
neno hilo alilitamka bila kukwaruzwa.

Sasa funguo za pili ziko kwake.
Mto wa Taimi ameushona upya pembeni,
kwa uzi mwekundu, bila kuomba ruhusa.
Na Jumapili iliyopita alinikaripia mbele za watu:
nimeacha taa ya chumba cha mavazi ikiwaka usiku kucha,
je, nadhani umeme unaokotwa?
Nilinyamaza. Nikaenda nikaizima.
Gizani humo nilicheka peke yangu,
mkono bado uko ukutani.